Nani Somo wa Mwanafunzi?

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili ambazo siku hizi hazionani. Somo ni kile kinachofundishwa darasani: somo la hesabu, somo la jiografia. Na somo ni mtu. Ni yule mwanamke ambaye binti wa pwani alikabidhiwa kwake alipokaribia kuvunja ungo, ili amfunze usafi na mwenendo na mambo ya mwili ambayo mama mzazi hakuweza kuyatamka mbele ya mwanawe bila ya wote wawili kuinamisha macho. Huitwa somo pia mtu mnayefanana majina, na huitwa somo msiri wako, yule unayemweleza usilomweleza mwengine. Skuli ilipokuja kwetu ililichukua somo la kwanza ikaliandika ubaoni. Yule wa pili ilimwacha nje ya ua.

Swali ninalotaka kulipima katika kurasa hizi ni la kimaadili kabla ya kuwa la kitaalamu. Mtoto akiwa na jambo linalomla moyo, nani ana haki ya kulisikia? Na akishalisikia, alifanyeje? Nchi nyingi zimeanza kujibu kwa kuwaingiza skulini watu maalumu, wengi wao vijana, wasiofundisha hesabu wala kusahihisha madaftari, kazi yao ikiwa ni kukaa na wanafunzi, kucheza nao, kuzungumza nao na kuangalia utulivu wa nafsi zao. Wengine huiita kazi na vijana, wengine unasihi, wengine hawajaipa jina. Mimi naiona kuwa ni jitihada ya kumrudisha somo wa pili mahali lilipo somo la kwanza, na nadhani tukiitazama hivyo tutayaona mambo mawili matatu ambayo wataalamu, kwa haraka zao, huyapita.

Somo wangu mimi alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mshona kofia. Hakuwa na maneno mengi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, basi akinipa sindano nimtungie uzi, na katika kutunga huko ndiko maneno yalikotoka, yangu mengi kuliko yake. Yeye hanitazami, anatazama kofia. Nilipovunja ungo sikumwendea mama. Ada haikuwa hivyo. Nilimwambia somo, na somo ndiye aliyekwenda kwa mama, akajua aanzie wapi na aishie wapi. Mama hakuniuliza kitu. Nilikuta tu kanga mpya ndani ya kasha langu.

Sitaki msomaji adhani kuwa namlilia somo wa kale kama anayelilia dhahabu iliyopotea. Somo yule hakuwa huru. Alikuwa ametumwa na ukoo, na mwisho wa mafunzo yake ulikuwa ni ndoa. Binti asiyetaka kuolewa hakuwa na hakika kwamba somo angesimama upande wake. Ngoma za unyago zilifunza mengi, na katika hayo mengi zilifunza pia kuvumilia yasiyofaa kuvumiliwa. Alipofariki Bi Kidude, mwezi wa Aprili 2013, dunia ilimlilia mwimbaji. Hapa kwetu tulijua kuwa tumemzika pia mfunzaji wa wari, na si sote tuliokubaliana kwamba hilo la pili ni hasara tupu. Kwa watoto wa kiume mambo yalikuwa finyu zaidi: jando lilikuwa na mwisho wake, kisha mvulana akaambiwa ameshakuwa mwanamume, na mwanamume halii. Ninachokitafuta mimi ni nafasi ile aliyoishika somo, nje ya mzazi na nje ya hakimu, mtu mzima ambaye mtoto humwendea kwa kisingizio cha kazi ya mikono ili maneno yapate pa kujificha wakati yanapotoka.

Leo mtoto wa mjini Unguja huamka alfajiri. Skuli, chuo, tuisheni, nyumbani, kazi za skuli. Kila kituo kina mtu mzima wake, na kila mtu mzima ana la kumuuliza: umehifadhi? umeandika? umepata ngapi? Mama hurudi jioni kutoka sokoni au kazini naye kachoka. Bibi, aliyekuwa hatoki barazani, amebaki shamba au amehamia kwa mwanawe mwengine. Katika mzunguko huo wote hamna saa moja ambayo mtu mzima humuuliza mtoto swali lisilokuwa na jibu sahihi.

Tutaambiwa kwamba mwalimu yupo. Kweli yupo, na skuli nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha, aliyeteuliwa kwa upole wake au kwa sababu hakuhudhuria kikao cha kugawana majukumu. Lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake vyote, ana darasa la watoto hamsini na zaidi, na ana bakora, au jana alikuwa nayo. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au wa yule aliyemruhusu kwa maandishi. Kenya iliipiga marufuku bakora skulini mwaka 2001. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuidogosha. Hata hivyo, pale bakora ilipoondoka, alama zimebaki, ripoti ya mwisho wa muhula imebaki, na barua ya kumwita mzazi imebaki. Mtoto ni mjuzi wa mamlaka kuliko tunavyodhani. Anajua kuwa sikio la mwalimu limeunganishwa na mkono wake. Huo si ubaya wa mwalimu, ni mahali alipokalishwa. Kadhi mwema hawezi kuwa pia wakili wa mmoja wa wadaawa katika shauri lilio mbele yake, na hatumlaumu kwa hilo.

Usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idi. Waliokufa na wasioonekana tena walizidi elfu moja. Haujatimia mwaka, Julai 18, 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Miezi kadhaa baada ya msiba wa kwanza nilialikwa katika skuli moja ya Pemba kusoma mashairi na kuwaonesha watoto vina na mizani. Kabla sijaingia darasani mwalimu mmoja, mtu mwema, alinivuta pembeni akaniambia: "Dada yangu, hapa tumekubaliana tusiitaje meli. Watoto wasahau."

Watoto walitunga. Walitunga juu ya karafuu, juu ya mama, juu ya mpira. Tuko kisiwani, na hakuna hata mmoja aliyetunga juu ya bahari. Msichana wa darasa la sita alitunga juu ya viatu: beti tatu, vina vimekaa sawa, za viatu vilivyonunuliwa lakini havijafika. Mwalimu alimsifu kwa mizani. Mimi nilikwenda nikakaa karibu naye, nikamwomba anisomee tena. Akanisomea, kisha akasema, "Ni vya buluu." Hakuongeza neno, wala sikumtaka aongeze. Lakini mimi nilikuwa mgeni wa siku moja, na boti ya kurudi Unguja haimngoji mtu. Ubeti wa nne, kama ungekuja, nani angekuwapo wa kuusikiliza?

Nimesema mwalimu yule ni mtu mwema, na narudia. Walimu wale nao walikuwa wafiwa. Kunyamaza kwao kulikuwa ni huruma, ya aina tuliyoirithi: kidonda usikiguse. Ila mtoto huifasiri kimya kwa namna yake. Akiona watu wazima wanaogopa kukitaja kitu, huamua kwamba kitu hicho ni kibaya kuliko kilivyo, na kwamba yeye anayekiwaza usiku na mchana ana walakini.

Hapa nieleze kidogo kazi yangu. Mimi sikupita chuo kikuu. Kutafsiri nimejifunza kwa kamusi na kwa kukosolewa. Niliwahi kupewa hojaji ya kuirekebisha, iliyokusudiwa kupima hali ya nafsi za wanafunzi. Rasimu niliyoikuta ilimuuliza mtoto kama katika wiki mbili zilizopita "amejisikia chini". Chini ya nini? Kila mstari ulikuwa na "afya ya akili", na mtoto wa skuli akisikia akili hufikiri hesabu. Akisikia ugonjwa wa akili hufikiri Kidongo Chekundu, kama mwenzake wa Bara anavyofikiri Mirembe na wa Nairobi anavyofikiri Mathari. Majina ya hospitali, mahali pa tiba, yamegeuzwa matusi ya uwanjani. Katika hali hiyo nani atanyoosha mkono aseme hayuko sawa?

Na huku lugha yenyewe haina umasikini. Washairi wetu wametuachia jakamoyo, ile hali ya moyo kwenda mbio na mwenyewe hajui unakimbia nini. Wametuachia wahaka, fadhaa, simanzi, unyonge, ukiwa, kihoro. Kihoro ni zaidi ya huzuni, ni pigo linalomfanya mtu ashindwe hata kulia. Ukiwa ni hali ya nyumba iliyohamwa, na mtu anaweza kuibeba nyumba hiyo kifuani huku amekaa katikati ya wenzake arubaini. Yule mtoto wa viatu vya buluu alikuwa na kihoro, na hakuna aliyempa neno hilo, ingawa lilikuwa lake kwa urithi. Nilipoandika jakamoyo katika tafsiri yangu, nilirudishiwa karatasi: neno gumu, watoto hawalijui. Ni kweli hawalijui. Hawakukijua pia kipenyo cha duara wala kipeo cha pili, na tuliwafundisha.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, kwa sababu mfano ninaouona una uzito zaidi umetoka kwa jirani zetu wa Kenya, na jina lake ni la Kiswahili. Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango waliouita Shamiri. Gazetini tumezoea kuona rushwa ikishamiri na dawa za kulevya zikishamiri. Nilifurahi kuona hatimaye neno hilo limepewa watoto. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Vijana waliomaliza sekondari juzi juzi hufunzwa kwa muda mfupi, kisha huongoza vikundi vya wanafunzi skulini, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, nao wakiwa chini ya uangalizi wa wenye ujuzi zaidi. Ugonjwa hautajwi. Huzungumzwa juu ya uwezo wa mtu kukua na kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani mwake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 waligawiwa kwa kura: wengine wakaingia vikundi vya Shamiri, wengine vikundi vilivyoendeshwa kwa namna ile ile lakini vikifundisha mbinu za kujisomea tu. Dalili za unyonge na za wahaka zilipungua kwa makundi yote mawili, zikapungua zaidi kwa wale wa Shamiri, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye.

Wataalamu huvutiwa na ile tofauti. Mimi, nisiye mtaalamu, navutiwa pia na nafuu ya kundi la pili. Hawa hawakuambiwa lolote juu ya moyo. Walifundishwa kupanga saa za kusoma na kuandika muhtasari. Mwanasayansi atanionya kuwa huenda siku zenyewe zimewaponya, na onyo lake nalipokea. Lakini siwezi kujizuia kuwaza kwamba kijana yule aliyekaa nao duara, asiyekuwa na daftari la alama mkononi, alikuwa anawapa uzi na sindano kama nilivyopewa mimi.

Jambo la kushangaza kwetu ni umri wake. Sisi tumelelewa kuamini kuwa nasaha hutoka kwa mkubwa. Mwana Kupona, katika karne ya 19, alipomtungia bintiye utendi unaojulikana kwa jina lake, alianza kwa kumwita asogee karibu, ndipo akasema yake. Utaratibu wote wa wosia wa pwani umesimama juu ya hatua mbili hizo: njoo karibu, kisha nisikilize. Nauheshimu, na nimekulia ndani yake. Kijana wa kikundi cha skuli huishika hatua ya kwanza na kuigeuza ya pili: njoo karibu, kisha nikusikilize. Kwa kazi hiyo miaka mingi si lazima iwe sifa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iliyotoka mtungini juzi bado imelowa. Mtu wa miaka hamsini na kitu kama mimi naikumbuka huzuni ya kidato cha pili kama mtu akumbukavyo mvua ya mwaka jana.

Uingereza wana uzoefu mrefu zaidi wa kazi hii, na wana swali ambalo sisi hatujafika kuliuliza. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Bibi Albemarle mwaka 1960 iliifanya kazi na vijana kuwa ya kusomewa, na mwaka uliofuata chuo cha kuwafunza viongozi wake kilifunguliwa Leicester. Msingi wao mkuu ulikuwa hiari: kijana huja klabu kwa miguu yake na akichoka huondoka. Tangu mwaka 2010 fedha za huduma hizo zilipunguzwa sana, vituo vingi vikafungwa, na baadhi ya waliobaki katika kazi wakajikuta wanaifanya ndani ya skuli. Hapo ndipo lilipozuka swali. Skulini mtoto hakuja kwa hiari, ameletwa na kengele. Je, ukaribu unaoanza kwa kengele ni ukaribu? Msiri anaweza kuwekwa kwenye ratiba, Jumanne saa nne na nusu?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Somo wa kale naye hakuchaguliwa na binti. Alichaguliwa na wazee. Kilichokuwa cha binti ni maneno yake. Kikao na kiwekwe na skuli, lakini asitakiwe mtoto kusema. Aruhusiwe kukaa wiki zote nne akichora meli, au akichora viatu, asiulizwe kwa nini. Siku mtu atakapoanza kuandika nani amesema na nani hakusema, tumelirudisha somo ubaoni.

Nimefika kwenye siri, na hapa mambo ni mazito. Tumfikirie mvulana wa kidato cha pili anayemwambia kijana wa kikundi kwamba baba wa kambo humpiga kwa waya. Anaonesha alama. Kisha anasema, usimwambie mtu. Kijana afanye nini?

Akificha, anamwachia mtoto mzigo uleule na kumpa mwenzake wa kuubeba, waya ukiendelea. Na sheria haimruhusu: Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa aitoe taarifa, na Zanzibar ilitunga sheria yake ya kumlinda mtoto mwaka 2011. Akifichua, yaani akitoka pale moja kwa moja hadi ofisini, mwalimu mkuu akampigia simu baba, jioni ile mtoto atapigwa kwa kosa la kusema, na hatasema tena kwa mtu yeyote, pengine kwa umri wake wote. Tumezoea kuyaona haya mawili kuwa ndiyo njia pekee, na kubishana ni ipi iliyo mbaya kidogo.

Lakini somo wangu hakuficha wala hakufichua. Alifikisha. Kati ya vitenzi hivi vitatu, ambavyo masikioni vinakaribiana mno, ndimo ulimo wajibu wote wa mtu tunayemzungumzia. Mfasiri anaujua wajibu huu kwa kazi yake ya kila siku: maneno si yake, hana ruhusa ya kuyazuia kifuani wala ya kuyamwaga, hana budi kuyapeleka yanakokwenda, yakiwa na maana ile waliyotoka nayo. Kwa mtoto wetu maana yake ni hii. Kabla hajasema lolote, tangu siku ya kwanza, aelezwe bayana kuwa yapo mambo ambayo msikilizaji hawezi kubaki nayo peke yake, ili asije akategwa. Akishasema, aulizwe nani aambiwe kwanza: shangazi? babu? afisa wa ustawi wa jamii? Aulizwe kwa maneno gani. Aelezwe kitakachofuata na lini. Na aliyemsikiliza awepo kesho yake na wiki ijayo, kwa sababu jambo baya kuliko yote ni mtoto kushtukizwa na maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu asiyemjua.

Najua palipobaki pagumu. Mtoto anaweza kukataa kila jina atakalotajiwa, na maisha yake yakawa hatarini. Hapo itabidi yapelekwe bila ya ridhaa yake, na sioni njia ya kulikwepa hilo. Ninachokipinga ni kulipamba. Tusimwambie kwamba imani yake haikuvunjwa. Imevunjwa, kwa sababu iliyokuwa kubwa kuliko yeye na sisi, na ana haki ya kukasirika, na sisi hatuna haki ya kumtaka atushukuru.

Utasikia pia hoja ya sitara. Sisi watu wa visiwani tunaiweka sitara mbele: aibu ya nyumba haianikwi uani. Naipenda sitara, bila ya hiyo tusingeweza kuishi ukuta kwa ukuta kama tunavyoishi. Ila sitara iliwekwa kumfunika mnyonge. Nyumba inayojifunika kwa ngozi ya mtoto, tena ngozi yenye alama za waya, imelichukua shuka lisilokuwa lake.

Wale wanaosema kuwa mambo haya yatawalegeza watoto, na kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nawajibu kwa ufupi: methali hiyo inazungumzia mwana kulia. Kihoro, nimeshaeleza, ni pale anaposhindwa kulia. Hofu yangu mimi iko kwengine. Naogopa kazi hii isije ikapendwa na watawala kwa sababu ni rahisi kwa bei. Kijana wa posho ndogo, saa moja kwa wiki, na hapo skuli ikajihesabu imetimiza. Watafiti wamekadiria kuwa takriban thuluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Baadhi ya watoto hao wanahitaji daktari, na kijana wa kikundi aliyefunzwa vyema ndiye anayejua kuwa huyu si wake. Kwa hivyo lazima daktari awepo wa kupelekewa. Somo la shukrani nalo nina neno nalo. Ni zuri, lakini mtoto aliyekuja skuli bila ya kula, ukimtaka ataje vitu vitatu anavyovishukuru kabla hujamuuliza kama amekunywa chai, unamfundisha kuuona unafiki mapema. Na huyo kijana mwenyewe, anayetoka pale jioni na waya wa mtu mwengine kichwani mwake, naye ana miaka kumi na tisa. Lazima awe na wa kumwendea. Somo naye alikuwa na somo wake.

Mwalimu mkuu mmoja wa hapa mjini, niliyemweleza haya yote, hakubishana nami hata kidogo. Aliniuliza: mtu huyo akiletwa, atakaa chumba gani? Chumba cha walimu hapana, hilo tulikubaliana mara moja. Ofisini kwake hapana. Palikuwa na stoo ya madawati mabovu, lakini mlango wake unatazamana na ofisi na kila mtoto anayeingia ataonekana na skuli nzima. Tukazunguka uwanja. Nyuma ya matangi ya maji tukafika kwenye mkungu mkubwa ambapo wakati wa mapumziko wanafunzi hukaa kula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili. Maganda yalikuwa bado yapo chini. Pana kivuli tangu saa tatu hadi adhuhuri, na anayekwenda huko haonekani kuwa anakwenda kwa jambo maalumu. Mwalimu mkuu akapima kwa hatua zake, akahesabu kimoyomoyo, akasema ataangalia kama fungu la michezo linaweza kutoa mikeka miwili.